Bitana ya Mshipa

Jumanne ile asubuhi kiatu cha kushoto kilimkataa Bochaberi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akakisukuma, akalegeza kamba zote, akakisukuma tena, hakikuingia. Ndipo akainua gauni atazame, na alichokiona kilimfanya aliteremshe upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mgeni anaoga. Mguu wa kulia ulikuwa ule ule wake, mwembamba, wenye kovu la jembe la tangu utotoni. Wa kushoto ulikuwa umefura kutoka goti hadi kifundo, ngozi imekaza na kung'aa, na alipouwekea kiganja akaona una joto. Akaubonyeza kwa kidole. Kidole kikaacha shimo, na shimo halikuwa na haraka ya kujaa. Aliogopa. Aliogopa hata hakumwita mumewe, Makori, aliyekuwa jikoni akijichemshia chai.

Huyu Bochaberi si mwoga wa kuzaliwa, na wazazi wa Oyugis watakuambia. Kibanda chake cha kushonea sare za shule kiko nyuma ya soko, na humo amewahi kumrudisha mwalimu mkuu mzima akapime watoto upya kwa sababu vipimo alivyoleta vilikuwa vya kubahatisha. Ana miaka arobaini na tisa. Yeye na Makori waliteremka kutoka milima ya Kisii wakaja mji huu wa Wajaluo miaka ishirini na miwili iliyopita. Mume akafungua duka la misumari na mabati, mke akaweka cherehani, na wote wawili wakawa watu wa kutegemewa katika kanisa la Waadventista. Cherehani yenyewe ilikuwa ya kukanyaga. Kutwa nzima miguu yake ilipanda na kushuka juu ya kile chuma, kisigino, vidole, kisigino, vidole, hata wateja wakamtania kwamba amekwishakwenda Mombasa na kurudi mara mia bila kuondoka kitini.

"Na sijalipa nauli," alikuwa akiwajibu.

Desemba mwanawe Caleb, fundi wa stima kule Kisumu, alikuja likizo na mota ndogo ndani ya katoni. Akaifunga ubavuni mwa cherehani, akavuta waya, akaweka pedali ndogo sakafuni. "Mama, umekanyaga ya kutosha," alimwambia. "Sasa wewe keti tu." Bochaberi alilia kwa furaha, akapika kuku. Na mimi simlaumu Caleb hata kidogo. Mtoto akimpunguzia mama yake kazi, utamwambia nini?

Januari ikaja na Gredi ya Kumi. Watoto wa mtaala mpya walikuwa wanaingia shule za juu, kila shule ikataka rangi yake, sketi yake, blazia yake, na kila mzazi akataka yake iwe tayari jana. Kwa wiki tatu Bochaberi aliketi toka jua linachomoza hadi taa za soko zinawashwa. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilibonyeza pedali, basi. Mguu wa kushoto ulikaa chini ya kiti umekunjwa, hauna kazi. Chakula alikilia pale pale. Maji aliyaacha, kwa kuwa choo kiko ng'ambo ya ua na foleni ya wazazi haina huruma. Watu huogopa kazi ya jua na kazi ya jembe. Hakuna aliyewahi kumwonya mwenzake juu ya kiti.

Sasa ndipo mguu ukafura, na ndipo shida ya pili ikaanza. Oyugis mguu mmoja ukifura peke yake, watu hawakuulizi umeumwa na nini; wanakuuliza umekanyaga wapi. Bochaberi alilijua hilo vizuri. Yeye ni shemasi, na mara ngapi amewakemea wanawake wenzake kwa kuamini uchawi wa vitu vilivyozikwa milangoni? Lakini asubuhi ile, alipofika kibandani akichechemea kwa malapa ya mumewe, alitazama huku na huku, akainua gunia la kupangusia miguu, akafagia chini yake. Alipata kizibo cha soda na pini. Kibanda chake kina pini nyingi kuliko mchanga wa ziwani, na bado pini ile moja ilimnyima raha siku mbili.

Alivaa sketi ndefu. Aliwahudumia wateja akiwa ameketi. Makori alipouliza mbona anavaa malapa yake, alisema viatu vinambana kwa joto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo aliijua tangu darasa la nne, akaifundisha na watoto wake. Kujua methali ni kitu kimoja. Kumwonyesha mumeo mguu ambao wewe mwenyewe unaogopa kuutazama ni kitu kingine.

Aliyeugundua alikuwa Nyar-Kendu. Huyu ni mjane wa miaka sitini na ushei, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni, na jina hilo walimpa watu wa kwa mumewe kwa sababu aliolewa kutoka Kendu Bay. Mbali na omena, anajulikana kwa mikono. Mtoto mchanga akiteguka shingo, mama akishikwa na mgongo, kijana akianguka na pikipiki, wote hupelekwa kwake, naye hukanda kwa mafuta ya ng'ombe mpaka mtu anasinzia. Alikuja Jumatano kuchukua sketi ya mjukuu anayemlea. Akamtazama Bochaberi akinyoosha mkono kuifikia sketi bila kuinuka, akainama, akafunua upindo wa gauni bila kuomba ruhusa.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hii mguu imefura tangu lini?"

"Ni uchovu tu, mama."

"Uchovu haifuri upande moja."

Bochaberi akaanza kulia. Hakutaka kulia, ila hofu ya siku mbili ilipata mlango. Alisema yote: kiatu, shimo la kidole, gunia, pini. Nyar-Kendu hakucheka kuhusu pini. Alifunga mlango wa kibanda, akaketi juu ya kigoda, akaupakata mguu ule kama mtoto.

"Hakuna mtu amekuwekea kitu," akasema. "Damu imelala hapa. Damu ikilala lazima iamshwe."

Akaamsha. Alianza kifundoni akapanda taratibu kwa vidole gumba vyote viwili, akibonya, akisukuma, akifuata mshipa mmoja mgumu nyuma ya shavu la mguu. Bochaberi aliuma kitambaa. Uchungu ulikuwa wa kumtoa mtu roho, kisha baada ya nusu saa ukalegea, na akajisikia mwepesi. Nyar-Kendu alirudi Alhamisi. Akarudi Ijumaa kabla jua halijatua, kwa kuwa alijua rafiki yake hushika Sabato. Jioni ile uvimbe ulionekana umeshuka kidogo, na kwa mara ya kwanza wiki ile Bochaberi alilala bila kuamka kuushika mguu. Alimshukuru Mungu, na baada ya Mungu aliishukuru ile mikono.

Sabato, kanisani, wakasimama kwa wimbo wa mwisho.

Ubeti wa pili haujaisha, kitu kilimchoma chini ya mbavu za kushoto. Akavuta pumzi aimbe, pumzi ikaingia nusu. Akavuta tena, ikaingia robo, na kila ilipoingia kile kitu kilimchoma. Moyo ukaanza kwenda mbio kama unafukuzwa. Akaona midomo ya watu inafunguka na kufumba wala hasikii wimbo. Akawaza, ni leo. Akawaza, zile blazia kumi na mbili hazina mikono. Hivi ndivyo alivyowaza, na baadaye aliona aibu kwamba katika saa ya kufa hakumkumbuka Makori wala Caleb, alikumbuka blazia. Kisha akaanguka juu ya wanawake wa kiti cha mbele.

Mzee wa kanisa mmoja alikuwa na gari, akalitoa. Makori alikaa nyuma amemshika mkewe, anasali, anaacha, anasali tena. Walipita Kendu Bay, ziwa likatokea upande wa kulia jeupe kwa jua, na Bochaberi akalitazama akidhani ndiyo mara ya mwisho. "Usinyamaze," Makori alimwambia. "Sema chochote." Pumzi zote Bochaberi alikuwa anazitumia kubaki hai.

Katika hospitali ya Homa Bay walimwekea mpira wa hewa puani, wakampiga picha ya kifua, kisha daktari mmoja kijana akampaka mafuta baridi mguuni na kupitisha juu yake kifaa kinachotazama ndani. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa Migori, jina lake Maroa, mwenye sauti ya chini na kucha safi. Alitazama kioo cha mashine muda mrefu. Kisha akauinamia mguu wenyewe. Nyuma ya shavu la mguu palikuwa na madoa mawili mawili ya kijani, yamepangana kupanda juu.

"Mama, nani amekanda hii mguu?" aliuliza.

Sauti yake haikuwa na ukali. Bochaberi aliwaza kumficha rafiki yake. Lakini mtu anayepumua kwa mpira hana nguvu ya kutunga uongo.

"Ni mama mmoja. Ni rafiki yangu. Alitaka kunisaidia."

"Najua. Hata nyanya yangu angekanda." Akavuta kiti. "Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Ya kukanyaga ama ya stima?"

Alimweleza juu ya mota, kidole gumba, wiki tatu, na maji aliyoyaacha. Daktari Maroa alikuwa akiitikia kwa kichwa kana kwamba anasomewa kitu anachokifahamu. Kisha akamwuliza kama amefanyiwa upasuaji karibuni, kama amesafiri mbali ameketi, kama amejifungua juzi juzi.

"Daktari, nina miaka arobaini na tisa."

"Lazima niulize. Wale wamejifungua ndio naogopea sana. Hii ugonjwa inawapenda."

Halafu akajaribu kumweleza. Alisema kila mshipa wa damu una ngozi ya ndani, nyembamba ajabu, chembe moja moja zimepangwa kama vigae. Alisema ngozi hiyo haikai bure. Inahisi damu ikipita juu yake, inahisi inavyosuguliwa, na inafanya kazi kulingana na inavyohisi. Hapo Bochaberi, mgonjwa kama alivyokuwa, aliinua mkono.

"Ni bitana," akasema.

"Ni nini?"

"Ile kitambaa ya ndani ya koti. Blazia bila bitana, mkono haipiti. Inakwama."

Daktari Maroa alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi ni bitana. Na bitana nzuri inakuwa aje?"

"Inateleza."

"Sasa sikiza. Hii yako inateleza wakati damu inapita na nguvu. Damu ikiisugua vizuri, yenyewe inatoa dawa ya kuteleza. Misuli ya nyuma ya mguu ndiyo pampu. Ukikanyaga cherehani, unapiga pampu. Miaka ishirini na mbili ulikuwa unapiga pampu. Halafu ukaacha."

Bochaberi aliufikiria mguu wake wa kushoto chini ya kile kiti, umekunjwa, wiki tatu.

"Damu ikisimama," daktari aliendelea, "bitana inaona kuna shida. Inatoa kulabu. Chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, kawaida wanapita wakibingirika tu. Sasa wananaswa na hizo kulabu. Wakinaswa wanafikiri kuna vita, wanatupa nyavu. Nyavu inashika kila kitu inapita. Ndiyo hiyo donge iko ndani ya mguu yako, kutoka hapa mpaka hapa." Akamwonyesha bila kumgusa, kutoka shavu la mguu hadi juu ya goti. "Ukiikanda, unaikata. Kipande kimoja tayari kimepanda mpaka kwa mapafu. Ndiyo hiyo ilikuangusha kanisani. Ile imebaki ni kubwa kuliko ile imeenda."

"Na ile imebaki ikienda?"

Daktari alitupia macho kioo cha mashine kabla ya kujibu, upesi sana, lakini fundi wa nguo huona hata uzi uliokosea tundu.

"Tunakupa sindano isiende," akasema. "Mtu yeyote asiguse hiyo mguu. Mtu yeyote."

Tangu hapo hofu ilikuwa na umbo. Mwanzoni aliogopa asichokijua. Sasa alikijua, na alijua kilipolala, na kilikuwa sentimita chache juu ya goti lake. Walimdunga sindano tumboni asubuhi na jioni. Aliogopa kukohoa. Aliogopa kupiga chafya. Muuguzi alipoleta beseni la kunawia aliogopa kuinama, na aliposinzia alishtuka akidhani ameusogeza mguu usingizini. Jumapili jioni daktari alisema sindano imeshika kazi, sasa asimame atembee hatua chache, kutembea kwenyewe ni dawa. Bochaberi alimtazama kama mtu anayeambiwa acheze juu ya yai. Kukanda kunaua na kutembea kunaponya, na mguu ni huo huo mmoja! Makori alimshika mkono wakaenda mpaka dirishani. Alitembea akiwa amefumba macho, anahesabu pumzi. Aliporudi kitandani bado yu hai, aliendelea kuzihesabu nusu saa nzima.

Jumatatu asubuhi walimrudisha kwenye ile mashine ya kutazama ndani, wakamwambia daktari atakuja na majibu mchana. Makori alikuwa ameenda Oyugis kuwaambia wazazi kuhusu zile blazia. Kabla daktari hajafika ikafika saa ya kuwaona wagonjwa, na kwa uchovu wa siku mbili za kukesha, Bochaberi alikuwa amepitiwa na usingizi.

Akahisi mkono. Mkono wa joto, laini kwa mafuta, umeingia chini ya blanketi na kuukumbatia mguu wake wa kushoto, na vidole gumba viwili vikitafuta mahali pao pa zamani.

"Usiniguse!" alipiga ukelele. "Toa mkono! Usiniguse!"

Wodi nzima iligeuka. Ilikuwa na vitanda kumi na viwili na wageni wa kila kitanda, na vijiko vilisimama njiani kuelekea midomoni. Kwenye kitanda cha mwisho mama mmoja alinong'ona neno, na neno hilo likasikika: jajuok. Mchawi. Nyar-Kendu alisimama kando ya kitanda, kopo la mafuta mkononi, leso yake nzuri ya kusafiria imefungwa kichwani. Alikuwa amekuja kutoka Oyugis na uji wa wimbi ndani ya thamosi.

Mtu wa nje ataona ni ukelele wa mgonjwa tu. Watu wa huku wanajua. Mwanamke mzee, mjane, mwenye mikono inayosifiwa, kuambiwa mbele za watu asimguse mgonjwa aliyemkanda siku tatu: maneno kama hayo hayakai hospitalini. Yangefika sokoni Oyugis kabla yake, na kesho hakuna mtoto mchanga ambaye angepelekwa kwake, na kesho kutwa hakuna ambaye angenunua omena zake.

"Mimi, nyathina?" Nyar-Kendu aliuliza. "Ni mimi unaniambia hivyo?"

"Si wewe, mama. Si mkono yako."

"Ni mkono ya nani basi? Nimekuja na hii mbili tu."

Bochaberi aliona jinsi alivyolikumbatia lile kopo la mafuta, na kwa mara ya kwanza tangu Sabato aliusahau mguu. Akaketi. Akapaza sauti makusudi, wodi yote isikie, hasa kile kitanda cha mwisho. Alisema huyu ni rafiki yangu, hajanifanyia ubaya wowote. Alisema ni ugonjwa, una jina, umeonekana kwa mashine. Alivua sweta yake, akaugeuza mkono nje ndani, akaonyesha: hivi ndivyo mshipa ulivyo, una bitana, bitana inateleza damu ikipita, mtu akiketi sana inatoa kulabu, chembe zinanaswa, damu inaganda, na ukikanda kipande kinakatika kinapanda kwa mapafu. Kwa kweli alieleza vizuri. Alieleza kama fundi anayemfundisha mwanafunzi, na wageni wakasogea, na mama wa kitanda cha mwisho akainamisha macho kwenye sahani yake. Bochaberi aliona anamwokoa rafiki yake, akazidi kunoga.

"Na si mimi tu," akasema. "Daktari amesema inashika wenye wamepasuliwa, na wenye wamesafiri, na zaidi inashika mama wenye wamezaa juzi. Hao ndio anaogopea sana."

Alipomaliza kusema hivyo aliona kwamba Nyar-Kendu hatingishiki.

"Wamezaa juzi," mzee alirudia polepole. "Kama siku kumi na mbili?"

Ndipo Bochaberi akamkumbuka Mourine. Mourine alikuwa binti pekee wa Nyar-Kendu, mama wa yule mjukuu wa sketi. Alikuja kujifungulia kwa mama yake miaka minane iliyopita, akakaa ndani akihudumiwa kama ipasavyo, asiinue hata ndoo, na kabla mtoto hajatimiza wiki mbili akafa ghafla. Oyugis yote ilizika. Bochaberi mwenyewe ndiye aliyemshonea gauni la kuzikiwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyeyamwaga, kwa sauti kubwa, mbele ya vitanda kumi na viwili.

"Sijui, mama," akasema.

"Unajua, nyathina."

"Mimi si daktari. Sijui."

Nyar-Kendu aliketi kwenye benchi. Aliliweka kopo sakafuni, akalisukuma kwa mguu mpaka likaingia chini ya kitanda.

"Ilikuwa mguu ya kushoto," akasema. Hakuwa analia. "Imefura hivi hivi, iko na joto hivi hivi. Nikasema damu imelala. Nikamkanda siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya tatu akaniambia, mama endelea, nasikia afueni. Mtoto akalia, akaamka amchukue."

Aliinua mapaja kidogo, akaingiza mikono yake yote miwili chini yake, akaikalia.

Bochaberi alitamani kuishika mikono ile na aliogopa. Hofu ya donge la damu alikuwa amelala nayo siku mbili, ameanza kuzijua tabia zake. Hii nyingine hakuijua kabisa. Alitaka kumwambia Mungu ndiye ajuaye, alitaka kumwambia wengi hufa hata bila kukandwa, alitaka kumwambia chochote, na kila aliloliwaza lilikuwa limeshafungwa na yale aliyoyaeleza vizuri namna ile.

"Daktari anakuja saa ngapi?" Nyar-Kendu aliuliza.

"Mama, wewe rudi tu nyumbani. Ni mbali, na mtoto anatoka shule."

"Nitamngoja."

"Ako na kazi mingi. Hata leo anaweza kosa kuja."

"Nitamngoja."

Wakangoja. Bochaberi, aliyekuwa ameomba tangu asubuhi daktari aje upesi, sasa aliomba akawie, apate mgonjwa wa dharura, aitwe mahali. Kila kiatu kilicholia koridoni kilimkata maini. Wageni wakaanza kuaga. Uji ulibaki ndani ya thamosi, hakuna aliyeukumbuka.

Saa nane na dakika kumi daktari Maroa aliingia na karatasi mkononi, na safari hii alikuwa anatabasamu tangu mlangoni.

"Mama Caleb," akasema, "picha ya leo iko poa. Ile donge haijasonga hata kidogo, na imeanza kupungua. Ukiendelea hivi, Ijumaa utalala kwako."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyalilia kwa Mungu tangu Sabato, na sasa yalipokuja yalipita bila kumgusa, kwa kuwa alikuwa akimtazama mwanamke mzee akitoa mikono yake chini ya mapaja, mmoja mmoja, na kuinuka.

"Daktari," Nyar-Kendu alisema, "nikuulize kitu moja."